Nani Alimfundisha Nani? Santana, Volt na Betri za China



Mwaka 2011 serikali ya China iliibana General Motors. Ikitaka gari lake la Volt lipate ruzuku iliyofikia dola 19,000 na ushei, sharti iwakabidhi Wachina ufundi wa kimojawapo kati ya vitu vitatu: mota, betri, au mitambo ya kielektroniki inayoviongoza. Kampuni ikakataa.

Swali langu ni hili: nchi iliyokuwa na ubia na Volkswagen tangu 1984 ilikuwaje, miaka 27 baadaye, bado inadai kufundishwa?

Sera ya China ilikuwa kubadilishana soko kwa teknolojia. Mgeni hakuruhusiwa kumiliki zaidi ya asilimia 50 ya kiwanda cha magari. Basi mbia mwenyeji akapata faida bila kubuni hata taa, na usingizi ukamnogea. Mwaka 2012 He Guangyuan, aliyewahi kuwa waziri wa viwanda vya mitambo, aliufananisha ubia huo na kasumba. (Waswahili tunalijua neno hilo kwa maana zake zote mbili.)

Lakini tusiipite Santana haraka. Gari hilo la Volkswagen lilianza kuunganishwa Shanghai kwa vipuri vilivyotoka Ujerumani. Serikali ya jiji ikatoza ada kwa kila gari lililouzwa, fedha zikaenda kuwakopesha watengeneza vipuri wa hapohapo. Kipuri kisichofikia kiwango cha Wajerumani kilirudishwa karakanani, kikafanyiwa kazi upya. Ofisi ya mbia ilipokuwa ikihesabu gawio, mafundi wa breki na usukani walikuwa darasani.

Ndiyo maana sikushangaa kizuizi cha asilimia 50 kilipoondolewa kwa magari ya umeme mwaka 2018. Tesla ilianza kujenga Shanghai Januari 2019, ikimiliki kiwanda peke yake, na kabla ya mwaka kwisha magari yalikuwa yakitoka. Hakuna aliyeidai michoro. Ilihitaji vipuri, na wa kuvitengeneza walikuwepo.

Betri zina kisa chao. Kati ya 2015 na 2019 ruzuku ilifuata orodha ya betri zilizoidhinishwa, na kampuni za Korea hazikuwemo. CATL, kampuni ya betri ya Ningde, China, iliyoanzishwa 2011, ilikulia katika kivuli hicho. Huo haukuwa uhawilishaji wa teknolojia, ulikuwa ulinzi mtupu. Nami nadhani uliijenga China kuliko masharti yote ya ubia.

Kisha mwalimu akageuka mwanafunzi: mwaka 2023 Volkswagen ilikubali kulipa takriban dola milioni 700 kwa chini ya asilimia 5 ya hisa za Xpeng, kampuni ya magari ya Kichina, ili waunde pamoja magari ya umeme ya soko la China. Na Julai 2025 Beijing, iliyokuwa ikidai ufundi wa wengine, ikaweka kibali cha serikali kuwa sharti la kuuza nje baadhi ya teknolojia za kutengenezea malighafi za betri.