Kufuli la Maabara: Kuziba Pengo la Ujuzi wa TEHAMA katika Shule za Mkoa wa Iringa

Mada kwa wakuu wa shule na walimu wa TEHAMA, Iringa Mjini



1. Utangulizi

Nimeombwa kueleza namna elimu na mafunzo yanavyoweza kuziba pengo la ujuzi wa teknolojia duniani. Pengo hilo ni tofauti kati ya kinachohitajika kazini na kile anachokiweza mhitimu. TEHAMA, yaani teknolojia ya habari na mawasiliano, ni sehemu ya ujuzi huo. Hapa nchini hatua zimepigwa: sheria ya mwaka 1994 iliyoanzisha Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), elimu bila ada tangu 2016, na Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, iliyoweka mkondo wa amali (ufundi) sambamba na mkondo wa jumla. Serikali inastahili pongezi, lakini shuleni pengo bado lipo.

2. Tatizo: kompyuta zipo, hazishikwi

Kwa miaka mingi nimetembelea shule za Kilolo, Mufindi na Iringa Vijijini. Mara nyingi nakuta kompyuta, na mlangoni nakuta kufuli.

Katika shule moja, ambayo sitaitaja, mwalimu alikuwa amechora kibodi kwenye karatasi ya manila. Wanafunzi wa kidato cha pili walipita mmoja mmoja wakibonyeza herufi za kuchorwa. Katika chumba cha pili, kompyuta zilikuwa zimefunikwa vitambaa. Niliomba ufunguo, ulitafutwa saa nzima. Mbili zilikuwa zimebandikwa karatasi: "MBOVU". Tulifungua kasha tukakuta vumbi jekundu la kiangazi. Tukalipuliza, tukachomoa memori, tukasugua meno yake kwa kifutio cha penseli, tukairudisha. Zote mbili ziliwaka.

Mwalimu yule hakuwa mvivu. Kompyuta ikiharibikia mikononi mwa mwanafunzi, mwalimu huandika barua ya kujieleza, na mkaguzi akija, yeye ndiye huitwa. Ikikaa miaka mitatu bila kuwashwa, hakuna anayeulizwa, kwa sababu kwenye leja idadi imetimia. Mtu mwenye familia ya kulisha atafunga mlango. Kwa hiyo utaratibu wetu unailinda mashine dhidi ya mwanafunzi aliyenunuliwa mashine hiyo.

Wala kufuli haliilindi mashine hiyo. Vumbi hupita chini ya mlango, unyevu wa msimu wa mvua hula vyuma, programu hupitwa na wakati. Mashine hufia stoo ikiwa mpya. Fedha ya kununua, au mfadhili wa kutoa, hupatikana. Fungu la matengenezo halionekani. Kwa heshima zote kwa mamlaka husika, nimelisema hili katika vikao vingi, na leo nalirudia.

3. Mapendekezo

(a) Taarifa za shule zieleze saa ambazo kila kompyuta imetumiwa na wanafunzi, si idadi ya kompyuta pekee.

(b) Uharibifu unaotokana na kujifunza utambuliwe kuwa uchakavu wa kawaida, mwalimu asiandikiwe barua.

(c) Kila bajeti ya ununuzi iwe na fungu la matengenezo, hata kama ni dogo.

(d) Wafadhili waombwe vipuri na mafunzo ya ufundi pamoja na mashine.

(e) Wanafunzi wa ufundi wa VETA na wa vyuo vikuu vilivyopo mkoani wapangiwe mafunzo kwa vitendo (fildi) ya kutengeneza kompyuta za shule.

(f) Kila mwalimu wa TEHAMA afundishwe kufungua kasha, kusafisha na kubadilisha memori.

(g) Wanafunzi wenyewe wafundishwe matengenezo hayo. Viwanda vya mbao na chai vya Mufindi vinahitaji vijana wasioogopa kufungua mashine.

(h) Kompyuta zilizokufa kabisa zifutwe kwenye leja kwa utaratibu uliopo, kisha zitumike kufundishia ufundi.

(i) Ufunguo wa maabara ukae kwa mwalimu wa somo, na ratiba ya matumizi ibandikwe mlangoni.

(j) Narudia: tupime matumizi, si idadi.

4. Hitimisho

Pengo la dunia ni kubwa, na halitazibwa na semina hii. Lakini kuna sehemu yake iliyo ndani ya uwezo wetu, nayo haihitaji waraka mpya wala mfadhili. Wakuu wa shule, mkirudi vituoni, kabla ya kuandika ripoti ya safari, fungueni maabara, mwiteni mwanafunzi mmoja, mwacheni aiwashe kompyuta kwa mkono wake mwenyewe.