Uso na Saini: Binti wa Mukama na Utalii wa Ziwa Letu



Nimeombwa nizungumzie wanawake katika uongozi na ustawi wa utalii kwenye mwambao wetu. Nitaanzia ng'ambo ya ziwa letu, Viktoria, kwenye vilima vilivyo chini ya Rwenzori, kwa mwanamke aliyezaliwa katika nyumba ya kifalme akaishia kuwa wakili, waziri na balozi: Elizabeth Bagaaya wa Toro, nchini Uganda. Maisha yake yanaonyesha wazi, kuliko maisha ya kiongozi mwingine yeyote ninayemjua katika kanda hii, umbali uliopo kati ya kuwa uso wa nchi na kuwa na saini katika mambo ya nchi. Umbali huo ndio ninaouona nikitazama utalii wa Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori.

Wala Toro si ugenini. Hadi mwaka 1902 mahali tulipoketi, hapa Kisumu, palikuwa ndani ya Mkoa wa Mashariki wa Himaya ya Uganda. Reli iliyofika hapa Desemba 1901, kwenye kituo kilichopewa jina la Port Florence, iliitwa Reli ya Uganda kwa sababu shabaha yake ilikuwa kuifikia Uganda. Abiria alishuka kwenye behewa, akapanda meli, akaendelea na safari. Mpaka uliposogezwa tukawa upande wa pili, hakuna mzee wa Kajulu wala wa Kano aliyeulizwa. Naomba mlikumbuke hilo, maana nitalirudia.

Bagaaya alizaliwa mwaka 1936, binti wa Mukama, yaani mfalme, wa Toro, George Rukidi III. Kwa desturi ya Toro, Mukama hakalii kiti peke yake. Dada yake mmoja husimikwa pamoja naye kuwa Batebe, na Batebe ana cheo, ana sauti katika baraza la familia ya kifalme, na humwambia ndugu yake yale ambayo watumishi wa kasri huogopa kuyasema. Kwa hiyo msichana huyu alikua akijua kwamba mwanamke anaweza kuwa na wadhifa wake mwenyewe. Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba wazo hilo lililetwa na wamisionari. Wamisionari walileta shule, na alizitumia vizuri: Gayaza, kisha Sherborne kule Uingereza, kisha Girton, chuo cha wanawake cha Cambridge, alikohitimu mwaka 1962, mwaka wa uhuru wa Uganda. Mwaka 1965 aliapishwa kuwa wakili Uingereza, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufikia hapo.

Desemba ya mwaka huo baba yake alifariki. Ndugu yake mdogo, Patrick Kaboyo, akatawazwa kuwa Olimi III, na yeye akawa Batebe. Hawakukaa sana. Serikali ya Milton Obote iliipindua katiba ya uhuru mwaka 1966, na katiba ya mwaka 1967 ikazifuta falme zote. Batebe akabaki na jina lisilo na ofisi.

Mwaka huohuo, 1967, alialikwa kushiriki maonyesho ya mitindo ya Jumuiya ya Madola mjini London. Kutoka hapo akawa mwanamitindo, London na baadaye New York, picha zake zikachapishwa katika majarida makubwa ya wakati ule, Vogue na Harper's Bazaar miongoni mwao. Nimesikia wasomi wakiiruka miaka hii, kana kwamba inamwaibisha wakili wa Cambridge. Mimi naiona kuwa miaka ya kutafakariwa kuliko yote. Dola ilikuwa imemnyang'anya kila kitu isipokuwa uso, naye akauchukua uso huo akaufanyia kazi, katika miaka ambayo mwanamke mweusi alikuwa nadra kuonekana kwenye jalada la jarida lolote la wazungu. Aliuona ulimwengu ukimtazama bila kumsikiliza. Naamini somo hilo alirudi nalo nyumbani.

Alirudi baada ya Idi Amin kutwaa madaraka mwaka 1971. Amin alimfanya balozi wa kutumwa kokote, na Februari 1974 akamteua Waziri wa Mambo ya Nje. Tusiipambe sehemu hii. Mtangulizi wake, Michael Ondoga, aliondolewa kazini, na wiki chache baadaye mwili wake ukaokotwa katika Mto Nile, mto unaotoka katika ziwa hilihili letu pale Jinja. Ofisi aliyokabidhiwa Bagaaya ilikuwa na damu mlangoni. Kwa nini aliikubali? Yeye ameeleza katika kumbukumbu zake kwamba aliona nafasi ya kuitumikia nchi. Wapo wanaomlaumu hadi leo, na lawama hiyo si ya bure: jina la kifalme na elimu ya Cambridge viliupa utawala ule sura ya heshima mbele ya dunia. Mwaka huo alisimama katika Umoja wa Mataifa akaizungumzia Uganda, na wajumbe walimwona mwanamke mwenye hadhi pale walipotarajia kumwona mjumbe wa dikteta. Amin alihitaji uso. Saini alikuwa nayo mwenyewe.

Novemba 1974 alifukuzwa kazi kwa shutuma chafu kuhusu mwenendo wake, na ili shutuma ionekane kweli, utawala ukasambaza picha za uongo. Magazeti ya Ulaya yaliyozichapisha aliyashtaki mahakamani, akashinda. Lakini kabla ya hapo alizuiliwa nyumbani kwake. Februari 1975 akatoroka, akavuka mpaka na kuingia Kenya. Watu wa mwambao huu mnaijua njia ile. Miaka ile mlipokea wengi waliokimbia kutoka upande ule, wakiwamo walimu na madaktari, na wengine mlisoma kwao.

Uongozi wake wa pili ulikuja Yoweri Museveni aliposhika nchi. Mwaka 1986 aliteuliwa balozi nchini Marekani, akakaa Washington hadi 1988, na miaka ya baadaye akaiwakilisha Uganda Ujerumani, Vatikani na Nigeria. Fikirieni kazi ya balozi wa Uganda mwaka ule. Vita vilikuwa vimepunguza mno tembo wa mbugani na kuvunja hoteli, na mtu wa Marekani akisikia jina la Uganda alimwona Amin. Kabla ya kumshawishi mgeni apande ndege, ilibidi kwanza jina la nchi lisafishwe. Watu wa utalii huhesabu vitanda na viingilio. Kazi hii ya awali hawaihesabu, ingawa bila ya hiyo kitanda hakilaliwi.

Falme zilirudishwa mwaka 1993. Olimi III alipofariki mwaka 1995, mwanawe Oyo alirithi kiti akiwa na umri wa miaka mitatu, na shangazi yake Bagaaya akawa miongoni mwa walezi wa mfalme huyo mtoto. Leo Fort Portal, mji wa Toro, ni jiji tangu Julai 2020, na serikali imelitangaza kuwa jiji la utalii: lina maziwa ya volkano, sokwe wa Kibale, milima ya Rwenzori iliyo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1994, na kasri juu ya kilima. Mgeni anayefika huko anakuta mahali penye masimulizi yake, na wenyeji wanaoyasimulia.

Lakini sitaki mtu aondoke hapa akidhani naomba tupewe mfalme. Enzi ya Toro haikuwa haki kwa kila mtu. Wakonzo na Waamba waliasi mwaka 1962 kwa sababu walijiona wageni katika ufalme uliodai kuwa wao pia. Na katiba ya Uganda ya mwaka 1995 imewaacha watawala wa jadi na heshima ya utamaduni tu, bila mamlaka ya kiserikali. Kwa maneno mengine, dola imewarudishia uso. Saini haijawarudishia, na nadhani Bagaaya anaielewa hali hiyo kuliko mtu yeyote aliye hai.

Sasa tuvuke ziwa turudi nyumbani. Waluo hawakuwa na mfalme mmoja; kila eneo lilikuwa na ruoth, yaani kiongozi, wake. Wanawake wa hapa walioingia serikalini hawakusindikizwa na ngoma za kasri. Grace Onyango alikuwa mwalimu, akawa diwani, na mwaka 1965 akawa Meya wa Kisumu, mwanamke wa kwanza nchini kushika wadhifa huo. Oktoba 1969 risasi zilifyatuliwa katika mji huu siku ya kufunguliwa kwa hospitali tunayoiita Russia, na watu wetu wakauawa. Desemba ya mwaka huohuo, mji ukiwa bado katika kilio, ulimchagua mwalimu huyu kuwa mbunge wa kwanza mwanamke wa kuchaguliwa nchini Kenya. Alilitumikia Bunge hadi 1983, akafariki mwaka 2023. Grace Ogot wa Asembo, muuguzi na mwandishi, aliwahi kuwa afisa uhusiano wa shirika la ndege la Air India jijini Nairobi. Mwaka 1975, mwaka mmoja tu baada ya Bagaaya, alikuwa katika ujumbe wa Kenya kwenye Umoja wa Mataifa, na katika miaka ya themanini akawa mbunge wa Gem na waziri msaidizi wa utamaduni. Hadithi zake zimelifikisha ziwa hili kwa wasomaji ambao hawajawahi kuliona.

Nawataja kwa sababu utalii wetu umewasahau. Mgeni akishuka uwanja wa ndege wa Kisumu, ambao tangu 2012 ni wa kimataifa, ataonyeshwa machweo ya Hippo Point, ataletewa samaki wa kukaanga, mbuta au ngege, na ugali, kisha atauliza njia ya kwenda Maasai Mara. Tumebaki Port Florence, mahali pa kupitia. Katika miaka ya thelathini ndege za majini za Imperial Airways zilitua hapa zikijaza mafuta kwenda kusini, nazo zikapita. Meli zilizobeba abiria hadi Port Bell na Mwanza ziligawanywa Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, na leo mtalii wa Fort Portal akitaka kuja Kisumu, hata haimpitii akilini kwamba angeweza kuvuka kwa maji.

Wala si kwamba hatuna cha kuonyesha. Thimlich Ohinga kule Migori, kuta za mawe zilizopangwa bila chokaa wala udongo karne tano zilizopita, ni Urithi wa Dunia tangu 2018. Mbuga ya Ruma, katika Bonde la Lambwe, ndiyo kimbilio la mwisho nchini Kenya la yule swala mkubwa aitwaye korongo. Kisiwa cha Mfangano kina michoro ya kale ya miambani. Kisiwa cha Rusinga kina kaburi la Tom Mboya. Kwenye mwamba wa Kit Mikayi watu huenda kusali, na akina mama wa pale huwaimbia wageni. Karibu na Kendu Bay kuna Simbi Nyaima, ziwa dogo ambalo wazee husema lilikuwa kijiji: ajuza alifika usiku wa ngoma akiomba kulala, akafukuzwa, ni mwanamke mmoja tu aliyemkaribisha, na kijiji kikazama. Sijui jamii nyingine iliyoweka sheria ya ukarimu kwa ukali namna hii, na ambayo jengo lake la mahakama unaweza kulizunguka kwa miguu.

Pale Dunga vijana wamejenga daraja la mbao juu ya kinamasi cha mafunjo, wanawatembeza wageni, wanawaonyesha ndege, wanapambana na gugumaji kwa mikono yao. Akina mama wanakaanga samaki. Kwenye mabango ya utalii wa kaunti nimeziona nyuso zao, zenye tabasamu na karai la samaki kichwani. Kisha nikauliza: nani ametia saini hati ya ardhi ya ufuo? Nani anaamua mahali pa gati? Vibanda vya Lwang'ni, vilivyompa kila mgeni wa Kisumu chakula chake cha kwanza, viliondolewa bandari ilipoanza kufufuliwa, na wapishi wake, kama wale wazee wa Kajulu na Kano, hawakuwa mezani siku ya uamuzi. Walikuwa kwenye picha.

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imeukabidhi utalii wa mashinani kwa serikali za kaunti. Homa Bay imekuwa na gavana mwanamke, Gladys Wanga, tangu 2022. Kwa hiyo wa kuwaendea wapo, na wengine wako ukumbini humu. Nawaomba mambo matatu. Ardhi ya fuo zinazotumiwa na umma ipimwe na isajiliwe kwa jina la umma kabla ya hoteli nyingine kupewa kibali. Kila bodi ya utalii ya kaunti za ziwa iwe na viti vya wachuuzi wa samaki na waongoza wageni waliochaguliwa na wenzao, wenye kura kamili juu ya bajeti. Na kaunti hizi nne zikae na Fort Portal, Jinja na Mwanza, kwa idhini ya serikali zao, zipange njia moja ya meli ya abiria yenye ratiba inayojulikana. Katika kikao hicho cha kwanza, ujumbe wa Kisumu uongozwe na mwanamke anayefanya biashara ufuoni, na kalamu ya kutia saini awe nayo yeye.