Kuacha Kiti Si Kuacha Kazi
Hotuba kwa waumini na walimu, Msamala, Songea



Katika Jubilei twahesabu miaka kwa furaha. Jimbo likitimiza miaka mingi twapiga vigelegele, twachinja, twaimba. Lakini mtu akitimiza miaka mingi, mara nyingi twamhurumia tu. Mbona basi miaka ya jumuiya huwa sifa, na miaka ya mtu huonekana kuwa mzigo? Swali hili ndilo nitakalo tulitafakari pamoja.

Tuanze na salamu yetu. Kila siku mtoto humwamkia mkubwa wake “shikamoo”, na maana yake ya asili ni kushika miguu. Ni salamu njema, wala nisingependa ife. Lakini tumwangalie huyo aliyekwisha kuamkiwa. Kikao cha ukoo chaitwa, naye huja kuambiwa baadaye yaliyoamuliwa. Shamba lagawanywa, naye hakuulizwa. Akianza kusimulia, wajukuu watazama simu zao. Miguu yake tumeishika, ila masikio yetu tumemnyima. Heshima ya namna hiyo ni nusu ya heshima.

Sisi watu wa Songea tuna sababu kubwa ya kujua thamani ya mzee. Vita vya Maji Maji vilipiganwa tangu 1905 hata 1907, na kila mwaka tarehe 27 Februari twawakumbuka mashujaa 67 walionyongwa hapa mwaka wa 1906. Kwa muda mrefu habari za vita hivyo ziliandikwa zaidi na wale walioshinda. Ndipo mwaka wa 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipokwenda vijijini kuwauliza wazee. Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka 10 vita vilipoanza, sasa alikuwa na miaka 73. Wazee wakasema, vijana wakaandika, na mwaka wa 1969 kikatoka kijitabu cha O. B. Mapunda na G. P. Mpangara juu ya vita hivyo katika Ungoni. Wazee wale hawakuulizwa kwa sababu ya cheo wala elimu ya darasani. Waliulizwa kwa kuwa waliona na kukumbuka. Lau vijana wangalichelewa miaka ishirini, wangalikuta makaburi. Kuishi kwingi ni kuona mengi. Lakini mengi hayo hayamfai mtu yeyote ikiwa hakuna aulizaye.

Tena tufahamu kwamba nyakati zimebadilika. Wakati wa Uhuru, mwaka wa 1961, wastani wa umri wa kuishi katika nchi yetu haukufika miaka 50. Siku hizi umepita 60. Wengine hudhani kwamba zamani hapakuwa na wazee. Sivyo. Wastani ulikuwa mdogo hasa kwa sababu watoto wengi walikufa wachanga. Waliopona utotoni, baadhi yao walifika uzee mkubwa. Tofauti ni kwamba leo wengi zaidi hufika. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 humhesabu mtu kuwa mzee akitimiza miaka 60, na umri huohuo mtumishi wa serikali hana budi kustaafu. Lakini twajua sote kwamba mtu wa miaka 60 aweza kuwa na nguvu, akili timamu, na miaka ishirini mbele yake. Afanye nini katika miaka hiyo?

Mfano tunao. Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa mwaka wa 1922, aliacha urais kwa hiari yake mwaka wa 1985, na neno alilolitumia, kung'atuka, limetoka katika lugha yake ya Kizanaki. Je, aliketi kungoja siku zake? Aliongoza Tume ya Kusini tangu 1987 hata 1990. Toka 1996 alikuwa msuluhishi wa mgogoro wa Burundi, mpaka mauti yalipomkuta tarehe 14 Oktoba 1999. Tena alitunga kwa Kiswahili tenzi za Injili nne na Matendo ya Mitume, zilizotolewa mwaka wa 1996 na Benedictine Publications Ndanda-Peramiho, yaani majirani zetu. Wakati huo alikuwa na miaka 74. Kiti alikiacha, kazi hakuiacha.

Wazee wangu, niwieni radhi niseme na ninyi kwanza. Yuko mzee asiyetaka kuachia neno lolote: funguo zote kiunoni mwake, mashamba yote mkononi mwake, na mwana wa miaka arobaini bado huitwa mtoto. Huyo akizeeka hupingwa, na akifa huacha ugomvi. Afadhali ang'atuke mapema, agawe kwa haki mbele ya mashahidi, aandike wosia, wala asimsahau mkewe na binti zake, kisha abaki mshauri. Tena asiuache mwili ulale. Atembee, alime bustani, apunguze chumvi, akapime shinikizo la damu hata kama hasikii maumivu, maana ugonjwa huo huja kimya. Na macho yakiingia ukungu asiseme kwamba ndio uzee. Mtoto wa jicho hutolewa kwa upasuaji, na mtu akaona tena.

Sasa niseme nasi tulio wadogo, na jambo lenyewe ni zito. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, hasa miaka ya 1990, vikongwe wengi waliuawa kwa kudhaniwa wachawi, na mara nyingi ushahidi ulikuwa macho mekundu tu. Mwanamke aliyepika kwa kuni miaka hamsini ndani ya jiko lisilo na dirisha, macho yake yatakuwa ya namna gani? Ni moshi, tena moshi wa chakula alichotupikia. Vivyo hivyo mzee asahauye jina la mwanawe, atokaye nje usiku, asemaye peke yake: huo waweza kuwa ugonjwa wa ubongo, naye apelekwe kwa mganga wa hospitali. Tusijidanganye kwamba hayo ni ya mbali. Neno la uchawi huanza kwa mnong'ono jikoni, na mara nyingi nyuma yake pana shamba ambalo mtu analitamani.

Tukumbuke pia kwamba mkulima hana pensheni. Kule Zanzibar, tangu Aprili 2016, kila mzee aliyefika miaka 70 alianza kupewa na serikali shilingi 20,000 kwa mwezi, na baadaye zikaongezwa. Mkulima wa huku kwetu hutegemea shamba lake na wanawe. Na bibi wangapi, badala ya kulelewa, wanalea wajukuu yatima? Hao tusiwaite mzigo. Wao ndio wanaotubebea mizigo.

Kwenu walimu nina ombi moja, wala halihitaji fedha. Kila darasa liwe na daftari moja. Kila mtoto amwulize babu au bibi yake swali moja: shamba letu lilianzaje, njaa gani mliiona, shule ya kwanza ilikuwa wapi, dawa gani ya mti ilitumika. Aandike jibu, pamoja na jina la msemaji na mwaka. Na mwalimu aliyestaafu aitwe arudi siku moja kwa juma, awasikilize watoto wanaochelewa kusoma. Jungu kuu halikosi ukoko.

Ndugu zangu, amri ya kuwaheshimu baba na mama haikuwekewa mpaka wa umri. Leo jioni, ukiisha kumwamkia mzee wako, usiondoke upesi. Keti, umwulize shauri juu ya jambo ulilo nalo, kisha ungoje jibu lake mpaka alimalize.