Shauri la Mtaalamu na Sikio la Serikali

(Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wageni)



Tumeombwa tuseme juu ya namna Serikali ipokeavyo shauri la wataalamu. Jambo hili kwa kawaida husemwa kwa maneno makubwa makubwa, na msikilizaji huondoka hajui alichosikia. Sisi twataka kulieleza kwa chandarua.

Bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, ni nchi ya mpunga na maji. Msimu wa kilimo ufikapo, jamaa wengi huhamia mashambani na kulala katika vibanda hafifu, wapate kuulinda mpunga wao na ndege na wanyama. Mbu wa huko si wa kusimuliwa. Katika kijiji cha Namawala wachunguzi walipata kukadiria kwamba mtu mmoja huumwa na mbu wenye vimelea vya malaria kiasi cha mara 300 kwa mwaka. Karibu na hapo, mjini Ifakara, Profesa Rudolf Geigy wa Basel, Uswisi, alianzisha maabara ndogo mwaka 1957. Maabara hiyo imepita majina kadhaa, na tangu mwaka 2008 yaitwa Taasisi ya Afya Ifakara.

Mwaka 1996 wataalamu wa hapo walianza kazi ambayo kwa mtu wa pupa ingeonekana si sayansi hata kidogo. Walipita nyumba kwa nyumba katika vijiji vya Kilombero na Ulanga, wakaandika nani kazaliwa, nani kafa, nani kahama. Khalafu wakarudi tena na tena. Wakati huo huo vyandarua vyenye dawa viliuzwa madukani kwa jina la Zuia Mbu, na mama wajawazito wakapewa hati za kupunguziwa bei. Hesabu yao ilipigwa chapa katika jarida la Lancet mwaka 2001. Watoto wa umri wa mwezi mmoja hadi miaka 4 waliolala ndani ya vyandarua vyenye dawa, uwezekano wao wa kuishi ulizidi kwa asilimia 27. Lakini wataalamu hao hawakuficha upungufu: kufikia mwaka 1999 ni asilimia 18 tu ya watoto wa chini ya miaka 5 waliokuwa wakivitumia, na kwa hivyo vifo vilivyozuiwa vilikuwa kama kimoja katika kila 20.

Serikali ilisikia. Sisi, ingawa tu wapinzani, hatuoni taabu kulikiri hilo. Mwaka 2004 hati punguzo kwa wajawazito zilianza kuenezwa nchini, na baadaye vyandarua viligawiwa bure.

Iko khabari nyingine ya Ifakara ambayo twaipenda zaidi, ingawa si ya ushindi. Mwaka 1994 chanjo ya malaria iitwayo SPf66, iliyobuniwa na Manuel Patarroyo wa Colombia, ilitangazwa kuwa imepunguza ugonjwa kwa asilimia 31 miongoni mwa watoto wa kijiji cha Idete. Ilikuwa furaha kubwa. Baadaye chanjo hiyo ilijaribiwa kwa watoto wachanga katika bonde lile lile, na mwaka 1999 Ifakara ikatangaza kwamba haikuwakinga. Mshauri wa namna hii ndiye anayefaa kuaminiwa, kwani asemapo ndiyo, twajua ya kuwa angeweza kusema la.

Je, aweza kusema la daima? Mwezi Septemba 2018 Bunge la Dodoma liliibadili Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015, ikawa ni kosa kutangaza hesabu zenye kuzipinga hesabu rasmi, na adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 3, au faini, au vyote viwili. Makelele yalipigwa ndani na nje ya nchi, na Juni 2019 kosa hilo likaondolewa katika sheria. Tuchukulie kwamba sheria hiyo ingekuwako pale wale waandishi wa vifo walipokuwa wakizunguka Ulanga, na hesabu yao ikatofautiana na ya Wizara. Nani angethubutu kuipeleka chapani? Na yule mtoto wa kibandani angelala chini ya nini?

Liko na suala la fedha. Mjini Khartoum, mwaka 2006, Umoja wa Afrika uliziasa nchi wanachama zitenge asilimia 1 ya pato la taifa kwa ajili ya utafiti. Ifakara ililelewa kwa fedha za Uswisi na wafadhili wengine wa nje. Twawashukuru, lakini mwenye kulipa ndiye achaguaye swali, na si kila swali la mkulima wa Kilombero litamvutia mlipaji aliyeko Ulaya.

Labda mtu ataturudi: sisi wa visiwani twahusikaje na Ifakara? Twahusika kwa kila boti ifikayo gatini, kwani wako wagonjwa wa malaria waonekanao kwetu ambao hutoka nayo safarini. Tena Serikali zetu zote mbili huomba shauri, khalafu aghalabu shauri lenyewe hufungiwa kabatini.

Twadai basi kwamba kila shauri la mtaalamu lililolipiwa kwa fedha ya umma litangazwe kwa Kiswahili, likiwa na tarehe na jina la aliyelitoa. Na Serikali ikilikataa, kama ilivyo haki yake, iandike sababu chini yake na itie sahihi.