Kijiji cha Nicodemus katika Nyanda za Kansas

Jina la Marekani likitajwa, watu wengi huwaza mara moja majumba marefu ya New York na viwanda vya Chicago. Ni vigumu kusadiki kwamba katika nchi hiyo hiyo, yenye watu zaidi ya milioni 330, kimo kijiji ambacho katika hesabu ya watu ya mwaka 2020 kilikutwa na wakaazi 14 tu. Watu hao wote wangeenea katika matatu moja. Kijiji chenyewe chaitwa Nicodemus, nacho kimo katika jimbo la Kansas. Hata hivyo serikali kuu ya Marekani imekiweka chini ya ulinzi wake, na kila mwaka mwishoni mwa Julai watu wengi husafiri mamia ya maili ili wakanyage udongo wake. Sababu yake ni kwamba kijiji hicho kilijengwa na watu weusi waliotoka utumwani, wakakiendesha wao wenyewe.

Kansas iko karibu na kitovu cha Marekani, katika nchi ya ngano na mahindi. Nicodemus iko upande wa kaskazini-magharibi wa jimbo hilo, katika wilaya ya Graham, kaskazini ya mto uitwao South Solomon. Nchi ile ni uwanda ulioinuka, wenye mawimbi madogo madogo kama bahari iliyotulia baada ya tufani, na msafiri aweza kwenda mwendo mrefu asione mti ila kando ya mto. Mvua ni haba, yapata inchi 20 na kitu kwa mwaka, tena haina ahadi: mwaka huu hunyesha vizuri, mwaka ujao hukata kabisa. Jua la kiangazi huchoma, na katika majira ya baridi pepo za kaskazini huleta theluji ya kufunga njia. Udongo wenyewe una rutuba, na mvua ikija kwa wakati wake ngano hustawi sana. Mkulima wa Ukambani angeielewa nchi hiyo upesi kuliko mkulima wa Kisii, isipokuwa ile theluji.

Ili kufahamu jinsi watu walivyofika mahali hapo, yafaa kurudi nyuma kidogo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilikwisha mwaka 1865, na watumwa wapatao milioni 4 wakawa huru. Walipata uhuru, lakini hawakupata ardhi. Wengi waliendelea kulima mashamba ya mabwana wao wa zamani kwa kugawana mavuno, na hesabu ya mgawo huo aliishika bwana. Kwa muda serikali kuu iliweka askari katika majimbo ya kusini yaliyoasi, ili haki za watu weusi zilindwe; mwaka 1877 ulinzi huo ukaondolewa. Jimbo la Kentucky halikuwa miongoni mwa majimbo yaliyoasi, lakini huko nako magenge ya watu weupe yalizunguka usiku yakiwapiga na kuwatisha watu weusi. Mtu mwenye watoto alianza kujiuliza kama hakuna mahali pengine pa kukaa.

Mahali pengine palikuwapo. Sheria ya mwaka 1862 ilimruhusu mtu yeyote aliye raia, awe mweupe au mweusi, kuchukua ekari 160 za ardhi ya serikali kwa malipo madogo ya kuandikisha. Sharti lake lilikuwa kwamba akae juu ya ardhi hiyo, ajenge na kulima; baada ya miaka 5 ikawa mali yake. Kansas ilikuwa na ardhi hiyo kwa wingi, tena ilikuwa na sifa njema kwa sababu iliingia katika Muungano mwaka 1861 kama jimbo lisiloruhusu utumwa. Haifai kusahau kwamba uwanda huo ulikuwa zamani nchi ya mawindo ya Wahindi Wekundu, ambao walisukumwa kuondoka kabla wageni hawajagawiwa ekari zao.

Mwaka 1877 bwana mmoja mweupe, W. R. Hill, mfanyi biashara ya viwanja, alishirikiana na mchungaji mweusi, W. H. Smith, wakaanzisha kampuni ya kujenga mji wa watu weusi. Smith alikuwa mwenyekiti, Hill mtunza fedha. Walichapisha matangazo, na Hill akaenda Kentucky, katika sehemu za Lexington na Georgetown, akahutubia makanisani. Alisifu udongo, maji, wanyama wa porini, na mji mpya. Jina la Nicodemus wengine husema limetoka katika Biblia. Lakini wengi husimulia kwamba ni jina la mtumwa wa zamani, aliyekuwa mtoto wa mfalme katika Afrika, ambaye alijinunulia uhuru wake mwenyewe.

Wasafiri waliojibu mwito huo hawakuwa wachache. Katika Septemba 1877 walifika watu zaidi ya 300 kutoka Kentucky. Gari la moshi liliwafikisha Ellis tu, na toka Ellis hadi Nicodemus ni yapata maili 35. Mwendo huo waliukata kwa miguu, wengine wakiwa na mikokoteni ya kukodi, watoto mgongoni na vyombo vya nyumbani kichwani. (Miaka miwili tu kabla ya hapo, mwaka 1875, watumwa waliokombolewa baharini walikuwa wameanza kujengewa makao yao Frere Town, karibu na Mombasa; pande mbili za dunia watu walikuwa wakianza maisha kwa namna moja.)

Walipofika hawakuona mji. Waliotangulia, kama bwana Z. T. Fletcher na mkewe Jenny, walikuwa wakiishi ndani ya mashimo yaliyochimbwa ubavuni mwa vilima, yakaezekwa kwa miti michache na udongo wa nyasi, kwa maana miti ya kujengea haikuwako. Bibi Willianna Hickman, aliyefika na kundi lingine mwaka 1878, alisimulia miaka mingi baadaye jinsi alivyokuwa mgonjwa njiani, akauliza Nicodemus iko wapi. Mumewe akamwonyesha moshi uliokuwa ukifuka kutoka ardhini. Watu walikuwa wakiishi chini ya moshi huo. Bibi huyo alilia.

Wengine waligeuza njia na kurudi. Wengine walimkasirikia sana bwana Hill, na yasimuliwa kwamba ilimbidi ajifiche kwa muda asije akauawa. Ni haki kusema kwamba ardhi aliyoiahidi ilikuwako kweli. Kilichokosekana ni karibu kila kitu kingine. Watu walifika wakati wa kupanda umekwisha kupita, nao hawakuwa na akiba. Walichoma mabua ya alizeti na samadi kavu ya nyati. Yakumbukwa hata leo kwamba kundi la Waosage, Wahindi Wekundu waliokuwa wakirudi kutoka mawindoni, liliwagawia nyama katika majira yale ya baridi. Walioondolewa katika nchi ndio waliowalisha walioletwa. Wazee wa kijiji vilevile walituma wajumbe katika miji ya zamani ya Kansas kuomba nafaka, mbegu na nguo. Katikati ya taabu hiyo Bibi Emma Williams alijifungua mtoto wa kiume, Henry, mtoto wa kwanza kuzaliwa Nicodemus.

Majira ya kupanda yalipowadia, kijiji kizima kilikuwa na farasi wachache mno. Basi wengi walilima kwa jembe la mkono na koleo, na husimuliwa habari za mtu aliyemfunga ng'ombe wake wa maziwa akavuta plau. Mtu aliyepata kuona nyasi za uwanda ule, ambazo mizizi yake imesukana kama mkeka, atajua kwamba kulima ekari chache kwa jembe ilikuwa kazi ya kuvunja mgongo. Bibi Fletcher aliwafundisha watoto kusoma, na shule ilianza ndani ya shimo kama zilivyokuwa nyumba.

Baada ya hapo mambo yalianza kunyooka. Nyumba za udongo wa nyasi, kisha za mawe ya chokaa na mbao, zilichomoza juu ya ardhi. Bwana Fletcher aliendesha posta na hoteli iliyoitwa St. Francis. Kanisa la Waafrika Wamethodisti lilijengwa mwaka 1885, na Wabatisti walikuwa na lao. Kulikuwa na maduka, benki, na magazeti mawili: Western Cyclone lililoanza mwaka 1886, na Nicodemus Enterprise mwaka 1887. Watu weupe kadhaa walifungua biashara pale pale, wakawauzia na kununua kwa watu weusi bila ya ugomvi mkubwa.

Yafaa kumtaja hapa Edward P. McCabe. Alizaliwa mwaka 1850 katika jimbo la New York, akafanya kazi ya ukarani Chicago, kisha mwaka 1878 akahamia Nicodemus pamoja na rafiki yake Abram Hall, wakawa wakiwasaidia watu kuandikisha ardhi. Wilaya ya Graham ilipoundwa mwaka 1880, Gavana alimteua McCabe kuwa karani wake wa kwanza. Mwaka 1882 wapiga kura wa Kansas nzima, ambao wengi wao walikuwa weupe, walimchagua kuwa Mkaguzi wa Hesabu wa jimbo, na mwaka 1884 wakamrudisha. Katika miaka ile hakuna mtu mweusi mwingine aliyeshika cheo kikubwa kama hicho kwa kura katika majimbo yale ya nyandani. Mwaka 1890 alikuwa ameshahamia Oklahoma, akaanzisha huko mji wa Langston.

Sasa tuje kwenye jambo lililokata kauli ya Nicodemus. Katika nyanda zile mji usio na reli haukuwa na maisha. Ngano ya mkulima yapaswa kufika sokoni, na mkokoteni wa farasi kwenda mwendo wa siku nzima hula faida yote. Mwaka 1887 kampuni ya reli ya Missouri Pacific ilionyesha nia ya kupitisha njia yake Nicodemus, na wakaazi wakapiga kura kukubali deni la dola 16,000 ili kuisaidia. Tafakari ukubwa wa fedha hizo kwa watu ambao miaka 10 nyuma walikuwa wakichoma samadi. Magazeti mawili ya kijiji yaliandika kama kwamba filimbi ya gari la moshi imekwisha sikika. Bei za viwanja zikapanda. Lakini mazungumzo na kampuni yalivunjika, na reli hiyo haikuja. Mwaka 1888 kampuni nyingine, Union Pacific, ilijenga njia yake ng'ambo ya kusini ya mto, maili chache tu kutoka kijijini, na kituo kipya kikazaliwa, Bogue.

Maili chache zilitosha. Wenye maduka hawakungoja. Walibomoa, na wengine walizivuta nyumba zenyewe, zikapelekwa ng'ambo ya mto hadi kwenye reli. Magazeti yalikoma. Makanisa yalibaki, shule ilibaki, na wakulima walibaki na ekari zao. Watu wengi husema kwamba Nicodemus ilikufa mwaka 1888, lakini maneno hayo hayana usahihi. Kilichoondoka ni soko, jamii haikuondoka. Mwaka 1907 Wabatisti walijenga kanisa jipya la mawe, na mwaka 1918 ikajengwa shule mpya. Katika mwaka 1910 watu weusi wa sehemu ile, kijijini na mashambani, walikuwa karibu 600.

Pigo la pili lilitoka mbinguni. Katika miaka ya 1930 mvua ilikata miaka mfululizo, udongo uliolimwa ukageuka vumbi, na upepo ukaubeba kama mawingu meusi. Bei ya ngano nayo ilikuwa imeanguka. Vijana walikwenda Topeka, Denver na California kutafuta mshahara. Jumba la mikutano la mawe lilijengwa mwaka 1939, katika mpango wa serikali wa kuwapa kazi wasio na kazi, lakini watu wa kulijaza walizidi kupungua. Mwaka 1950 kijiji kilikuwa na wakaazi 16. Posta ilifungwa mwaka 1953.

Pamoja na hayo yote, desturi moja haikukatika. Tangu mwaka 1878 watu wa Nicodemus wamekuwa wakiadhimisha sikukuu ya ukombozi karibu na tarehe 1 Agosti. Siku hiyo hawakuichukua kutoka historia ya Marekani. Ndiyo siku ambayo mwaka 1834 sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni ya Waingereza, yakiwamo visiwa vya West Indies, ilianza kutumika. Zamani palikuwa na karamu katika kichaka cha miti, ngoma, na michezo ya besiboli. Siku hizi hufanyika mwisho wa juma la mwisho la Julai, nayo huitwa siku ya kurudi nyumbani. Wajukuu na vitukuu huja kutoka majimbo ya mbali, kukawa na maandamano, ibada na chakula kingi.

Wajukuu hao ndio waliokiokoa kijiji. Mwaka 1976 Nicodemus ilitambuliwa kuwa mahali pa kumbukumbu ya taifa, na mwaka 1996 Bunge la Marekani liliiweka chini ya idara ileile inayotunza mbuga kuu za nchi. Majengo 5 yamehifadhiwa: makanisa mawili, hoteli ya zamani ya akina Fletcher, shule, na jumba la mikutano. Familia kadhaa zingali na mashamba yaliyoandikishwa na mababu zao. Mmoja wa wana wa kijiji, Veryl Switzer, aliyezaliwa mwaka 1932, alipata sifa kubwa kwa kucheza mpira wa Kimarekani katika timu ya Green Bay Packers, naye hadi kufariki kwake mwaka 2022 hakuiacha ardhi ya wazee wake.

Barabara kuu namba 24 hupita kandokando ya nyumba hizo. Dereva asiyesimama huimaliza Nicodemus katika muda usiofika dakika moja. Maili chache upande wa magharibi ataukuta mji wa makao makuu ya wilaya, ambao waitwa Hill City, kwa jina la yule bwana aliyejificha.