Kompyuta Inapodai Draiva

Hotuba ya Kikundi cha Kompyuta cha Kamati, iliyosomwa katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani



Tumepewa nafasi fupi kati ya ngoma na maigizo ili tuzungumzie kompyuta. Wapo watakaouliza, kompyuta inahusiana nini na siku ya leo? Laptopu karibu zote zinazoingia kambini ni za mkono wa pili. Nyingine ni za msaada, nyingine zimetumwa na ndugu waliokwisha kuhamishiwa nchi za mbali. Mwenye nayo anataka kupiga Windows upya, kama mafundi wasemavyo. Katikati ya kazi mashine inasimama, inaandika maneno ya Kiingereza kwamba kuna draiva halipo. Anaipeleka kwa mtu, anaambiwa diski imekufa, na jioni hiyo hiyo ameiuza kwa bei ya vyuma. Ndani yake kulikuwa na vyeti vya watoto, picha za waliobaki nyumbani, na nakala za karatasi ambazo makaratasi yake halisi yaliungua vitani. Kwa sababu hiyo tumeona jambo hili linafaa kusemwa mbele ya watu wote, si kwenye darasa letu peke yake.

Tuanze na neno lenyewe. Wazee fulani walituuliza kama kompyuta nayo inahitaji dereva mwenye leseni. Tulicheka pamoja nao, lakini swali lilikuwa zuri. Draiva ni programu ndogo inayofanya kazi ya mkalimani. Mnakumbuka siku za kuandikishwa. Afisa alikuwa na kalamu na fomu, na mama alikuwa na habari zake zote kichwani, lakini mpaka alipopatikana mkalimani wa Kibembe au wa Kirundi, fomu ilibaki nyeupe. Mama hakuwa bubu, wala afisa hakuwa kiziwi. Basi mfumo endeshi, yaani Windows au Linux, ndiye afisa. Diski, matundu ya USB, kadi ya waifai na spika ndio wanaoandikishwa. Pasipo draiva, kifaa kizima kabisa huonekana kama hakipo.

Kosa la kwanza ni lile linalowakuta wanaopiga Windows kwa flashi. Flashi imewaka, skrini ya kwanza imefunguka, mtu amebonyeza kuanza, halafu yanatokea maneno "A required CD/DVD drive device driver is missing". Katika Windows 10 maneno ni "A media driver your computer needs is missing". Mtu anashangaa, kwa maana laptopu yake haina hata tundu la CD. Ujumbe huu unapotosha, na sisi tunaona walioutunga wangeweza kusema vizuri zaidi. Maana yake ni kwamba programu ya kuweka Windows haiioni tena flashi ile ile iliyotokea. Mwanzoni flashi ilikuwa inasomwa na bayosi, programu iliyomo ndani ya bodi ya mashine. Windows inapoanza kujitegemea inatumia madraiva yake yenyewe, na kama haina draiva la tundu lile, mlango umefungwa nyuma yake.

Ndiyo sababu Windows 7 inasumbua hivi. Ilitoka mwaka 2009, na haikuja na draiva la USB 3.0. Matundu ya USB 3.0 mara nyingi yana rangi ya buluu ndani. Yale ya zamani, ya USB 2.0, mara nyingi ni meusi au meupe. Hamisha flashi uiweke kwenye tundu jeusi. Huna haja ya kuzima mashine: funga dirisha la kosa, rudi mpaka skrini ya kwanza, chomoa, chomeka kwenye tundu jingine, kisha bonyeza tena kuanza. Mara nyingi inatosha. Lakini laptopu zenye Intel ya kizazi cha sita, cha mwaka 2015, na kuendelea zimeacha njia ya zamani ya USB kabisa, na hata kibodi ya nje na kipanya vinaweza kukatika katikati ya kazi. Kwa mashine hizo msihangaike na Windows 7. Isitoshe, Microsoft ilisitisha kuihudumia tarehe 14 Januari 2020, kwa hiyo mashine yenye Windows hiyo iko wazi kwa virusi.

Ikiwa umehamisha tundu na kosa limebaki, ishuku flashi yenyewe. Faili la Windows 11 linazidi GB 5, na kwa mtandao wetu wa hapa kupakua kunakatika mara tatu au nne. Faili lililopungua hata kidogo tu linaweza kuleta kosa hili hili la draiva, na mtu akatafuta draiva wiki nzima wakati hakuna lililokosekana. Kuna njia ya kuhakiki. Kwenye mashine yoyote ya Windows fungua dirisha la amri, andika certutil -hashfile, kisha jina la faili, kisha SHA256. Utapata mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu. Ulinganishe na ule uliotolewa na wenye Windows. Ukitofautiana hata herufi moja, faili ni bovu. Zipo pia flashi za sokoni zilizoandikwa GB 64 na ndani hazifiki hata GB 8. Hizo zinakubali kila kitu unachoziwekea na hazirudishi. Na msinakili mafaili kwa mkono kuyaweka kwenye flashi ya FAT32, kwa sababu mpangilio huo haubebi faili moja linalofikia GB 4. Tumieni programu ya Microsoft ya kutengenezea flashi, au Rufus.

Sasa tuje kwenye kosa la pili, ambalo ndilo linalowapokonya watu mali zao. Flashi inasomeka, kazi inaendelea, unafika mahali pa kuchagua diski, na pale hapana kitu. Orodha ni tupu. Mashine inasema haikupata diski yoyote na inakuonyesha kitufe cha "Load driver".

Mama mmoja alitujia na laptopu aliyotumiwa na kaka yake. Alikuwa ameambiwa kwamba diski imekufa, na huyo aliyemwambia alikuwa tayari kuinunua. Tuliingia kwenye bayosi, na diski ilionekana pale kwa jina lake na ukubwa wake. Mfu haitikii jina. Mashine ilikuwa na Intel ya kizazi cha 11.

Sababu ni hii. Kuanzia kizazi hicho, kilichotoka mwaka 2020, watengenezaji wengi wa laptopu huziacha mashine zao na VMD ikiwa imewashwa. VMD ni mpango wa Intel unaosimama kati ya diski na mfumo endeshi. Windows iliyokuja na mashine kutoka kiwandani ilikuwa na draiva lake. Flashi yako mara nyingi haina. Diski ipo nyuma ya pazia, na Windows haina wa kulifungua.

Njia iliyo salama ni kulipa draiva. Nenda kwenye ukurasa wa mtengenezaji wa laptopu hiyo kwa mashine nyingine, tafuta modeli yako kamili, pakua Intel Rapid Storage Technology. Hapa wengi wanakwama: wananakili faili la .exe kwenye flashi, wanabonyeza "Load driver", na Windows inasema hakuna kitu. Wakati huo Windows haiwezi kulitumia faili la .exe, inataka faili linaloishia na .inf pamoja na wenzake wa .sys na .cat. Ni lazima ulifungue kifurushi kwanza. Likiwa zip, lifungue. Likiwa SetupRST.exe, fungua dirisha la amri mahali lilipo, uandike SetupRST.exe -extractdrivers na jina la folda ya kupokelea. Nakili folda hiyo kwenye flashi, rudi kwenye laptopu, bonyeza "Load driver", uionyeshe folda. Diski itajitokeza. Kwa yule mama ilijitokeza, na vyeti vya wanawe vilikuwamo. Tulivinakili kwanza, Windows tukaipiga baadaye.

Njia ya pili ni kuizima VMD kwenye bayosi. Ni ya haraka, na vijana wanaipenda. Lakini kama ndani ya diski kuna Windows ya zamani unayotaka iendelee kuwaka, ukizima itagoma kuwaka. Ukiona hivyo, irudishe ilivyokuwa. Ukigusa mambo hayo pia Windows inaweza kukudai namba ndefu ya BitLocker, tarakimu 48, na asiyekuwa nayo hafungui. Kwa hiyo kabla ya kubadili lolote, muulize mwenye mashine kama kuna kitu chake ndani. Muulize kwa lugha yake.

Jambo moja tunalisisitiza. Ukibonyeza Shift na F10 pamoja wakati wa kuweka Windows, dirisha jeusi hufunguka. Ukiandika diskpart, kisha list disk, utaona diski ambazo Windows inaziona. Tazama, kisha andika exit. Wapo waliofundishwa neno clean na wanaliandika bila kufikiri. Neno hilo linafuta ramani yote ya diski na haliulizi kama una uhakika.

Windows ikishakaa, bado safari. Waifai haipo, sauti haipo, na Windows 11 inataka intaneti hata kabla ya kumaliza kujipanga. Dawa nzuri inaandaliwa kabla ya kufuta. Kama Windows ya zamani bado inawaka, chomeka flashi, tengeneza folda, tuseme E:\madraiva, fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi, uandike dism /online /export-driver /destination:E:\madraiva. Madraiva yote yaliyoongezwa kwenye mashine hiyo yanahamia kwenye flashi bila senti moja ya bando. Baada ya kupiga Windows, pnputil /add-driver E:\madraiva\*.inf /subdirs /install inayarudisha. Inafanya kazi katika Windows 10 na 11. Tungependa kila kijana anayejiita fundi aijue hii kabla ya nyingine zote.

Kama haikufanyika, simu ya Android itakuokoa. Iunganishe kwa waya wa USB, uwashe huduma ya kugawa intaneti kwa waya, na kompyuta itapata mtandao bila draiva la waifai. Mara moja nenda kwenye mipangilio uitangaze njia hiyo kuwa ya kupimwa, "metered connection", la sivyo Windows itaanza kupakua masasisho yake na bando la mwezi litakwisha kabla chai haijachemka. Kifaa usichokijua, kitazame katika Device Manager, kwenye alama ya njano. Fungua sehemu ya "Hardware Ids", utaona VEN na herufi nne. 8086 ni Intel, 10EC ni Realtek, 14E4 ni Broadcom. Jina la ukoo likishajulikana, draiva linatafutika. Programu zinazoahidi kutafuta madraiva yote peke yake tunawashauri mziache. Nyingi zinakuja na wageni.

Kuhusu Linux tutasema kidogo tu. Windows 10 iliachwa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na laptopu nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11. Linux inabeba madraiva mengi ndani yake, na Debian tangu toleo la 12 la mwaka 2023 inakuja na zile programu za ndani za vifaa ambazo zamani ulitafuta mwenyewe. Kadi za Broadcom bado zinasumbua.

Ndugu wafanyakazi wa mashirika, tuna maombi mawili kwenu. Mnapoleta laptopu za msaada, msibandue karatasi ya chini yenye modeli, maana bila hiyo hatujui draiva la kutafuta. Na kabla hazijaondoka ofisini, bayosi zifunguliwe nywila. Tunazo mashine nne kabatini, nzima kabisa, ambazo hatuwezi kuziwasha kwa flashi kwa sababu aliyeweka nywila yuko bara jingine.

Kwa wakazi: flashi za Windows 11 na Debian, pamoja na moja ya madraiva ya Intel, zipo kituoni kwa katibu. Kuazima ni bure, unaandika jina na namba ya nyumba kwenye daftari. Njooni asubuhi, betri za sola zikiwa zimejaa, na chaja yako mkononi. Anayehitaji mtu wa kukaa naye mpaka kazi iishe aseme siku moja kabla.