Hotuba kwa Kamati za BMU: Mbuta, Soko la Ulaya na Bajeti ya Kaunti



Wazee wa fuo za Ziwa Victoria wanaukumbuka mwaka 1998. Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Kenya, Uganda na Tanzania kwa sababu ya kipindupindu. Shirika la Afya Duniani lilisema hatua hiyo haikufaa, kwani samaki aliyepikwa vyema haambukizi ugonjwa huo. Halikusikizwa mara moja. Soko lilifunguliwa katikati ya mwaka, kisha 1999 likafungwa tena, safari hii kwa hofu ya samaki waliovuliwa kwa sumu.

Pigo lilikuwa kwa mbuta. Viwanda vya minofu vilivyotegemea Ulaya vilipunguza wafanyakazi, vingine vikafunga milango. Bei ufuoni ikaanguka, na mvuvi aliyekopeshwa nyavu na wakala akabaki na deni lile lile. Uganda iliruhusiwa kurudi sokoni kabla ya Kenya. Ziwa ni moja, lakini kila nchi hukaguliwa kwa karatasi zake.

Msaada wa serikali uliofungua soko haukuwa pesa mkononi mwa mvuvi. Ulikuwa wakaguzi, vipimo vya maabara na mamlaka ya kutia saini cheti cha afya ya samaki. Kanuni za BMU zikafuata mwaka 2007, zikawapa watu wa ufuoni sehemu ya usimamizi. Ukweli usemwe: viwanda vilifaidika kwanza, mvuvi akangoja bei ipande.

Ukaguzi wa samaki wa kuuzwa nje bado uko kwa serikali ya kitaifa. Lakini tangu Katiba ya 2010, Jedwali la Nne limeweka uvuvi miongoni mwa kazi za kaunti. Kwa hivyo banda la kupokelea samaki, maji safi, choo na barafu ni mambo ya kudaiwa hapa nyumbani. Banda lenye paa jipya bila maji ya kuoshea sakafu ni kivuli tu. Kila BMU iandike: mashua ngapi hutua, samaki kiasi gani huoza kwa kukosa barafu, nani anashika ufunguo wa banda. Kina mama wawe kwenye kikao hicho, maana samaki akiharibika mtaji unaopotea ni wao.

Makadirio ya bajeti hufikishwa katika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 30 Aprili. Orodha itakayoletwa Mei huenda ikangoja mwaka mwingine.